Elimungojo: Uainishaji wa Awali wa Wangojaji wa Vyuo vya Kijeshi vya Marekani

Mngojaji wa chuo cha kijeshi cha Marekani ni kiumbe wa msimu. Huonekana mwishoni mwa Agosti shule zinapofunguliwa, hunawiri kwa matumaini hadi Desemba, huanza kukonda Januari, na ifikapo wiki ya kwanza ya Mei huwa ametoweka au amegeuka kitu kingine. Angekuwa ndege, wataalamu wangeshamchora, wakampa jina la Kilatini na kumvisha pete mguuni. Kwa kuwa ni binadamu wa miaka 17 mwenye mama, sayansi imempuuza. Makala haya yanajaribu kuweka msingi wa taaluma ambayo, kwa kukosa wa kutupinga, tumeiita elimungojo.

Msomaji wa Nakuru au Tabora atauliza kwa nini tumvukie bahari mngojaji wakati wa kwetu wamejaa. Jibu ni la kimbinu. Kungoja kwa kwetu kuna uwanja. Siku ya kusajili makuruti wa Jeshi la Ulinzi la Kenya, vijana hujipanga tangu asubuhi wakiwa na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, hukimbizwa, hukaguliwa meno na nyayo mbele ya umati, na jioni mwenye bahati huondoka na barua yake ya wito. Jua ni kali, lakini mambo huisha kabla halijatua. Mmarekani anayetaka uafisa kupitia chuo hungoja mwaka wa shule karibu mzima, ndani ya nyumba yenye kipasha joto, bila kumwona hata mmoja wa wanaomchunguza. Katika hali hiyo tabia za mngojaji hujitokeza safi, bila kuchafuliwa na vumbi wala njaa.

Makazi na lishe

Vyuo vyenyewe ni vitano. West Point, juu ya mto Hudson, ni cha jeshi la nchi kavu na kilianzishwa 1802 chini ya Rais Thomas Jefferson. Annapolis, Maryland, cha wanamaji, kilifuata 1845. Cha jeshi la anga, kilicho Colorado Springs, kilizaliwa kwa sheria ya 1954. Kings Point, New York, hufunza maafisa wa meli za biashara, na New London, Connecticut, ni cha Walinzi wa Pwani. Hiki cha mwisho tunakitoa katika utafiti papo hapo. Hakidai pendekezo la mwanasiasa yeyote; kijana huomba, hujibiwa, basi. Wangojaji wake ni wangojaji wa kawaida, na sayansi haina la kuwafanyia.

Kwa vyuo vinne vilivyobaki, kijana huhitaji ndiyo tatu kutoka milango mitatu isiyopigiana hodi. Ndiyo ya kwanza ni ya mwanasiasa, nayo huitwa pendekezo. Ndiyo ya pili ni ya madaktari. Ya tatu ni ya chuo chenyewe, nayo ndiyo uteuzi. Pendekezo bila uteuzi ni karatasi ya kuweka kwenye fremu. Uteuzi bila pendekezo haupo kisheria, hata kama kijana ana akili za kutisha na anakimbia maili moja kwa dakika tano.

Pendekezo hutoka kwa mbunge wa jimbo lake la uchaguzi, kwa maseneta wake wawili, au kwa Makamu wa Rais, isipokuwa kwamba Kings Point haimtambui Makamu. Watoto wa wanajeshi wa muda mrefu wana mlango wa ziada: Rais anazo nafasi 100 kwa mwaka katika kila kimoja cha vyuo vitatu vikubwa, vya nchi kavu, wanamaji na anga. Watoto wa waliotunukiwa Nishani ya Heshima huingia bila kuhesabiwa, wakishatimiza sifa. Hao hatuna la kuwachunguza. Wengi wa waliobaki wanagombea hesabu hii: katika vyuo hivyo vitatu, kila mbunge na kila seneta haruhusiwi kuwa na zaidi ya vijana watano kwa wakati mmoja katika kila chuo. Kwa kuwa masomo ni miaka minne, mwaka mwingi humwachia nafasi moja tu, mwaka wa neema mbili. Kila ofisi ina fomu yake, insha yake, tarehe yake ya mwisho, na jopo lake la usaili, ambalo mara nyingi ni wastaafu wa jeshi na walimu wa eneo hilo, waliojitolea kutumia Jumamosi ya Novemba kuwauliza watoto wa watu kwa nini wanataka kuongoza wenzao.

Juu ya hayo upo mtihani wa mwili, wenye vipimo sita, na kimoja kati ya hivyo ni kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti. Hakuna vita vinavyojulikana vilivyoamuliwa kwa mpira wa kikapu. Tunaliacha jambo hilo kwa watafiti wajao.

Kanuni ya Umbali

Kabla ya kuwagawa viumbe hawa ni lazima tutaje kanuni inayowatawala wote, kwa sababu ndiyo mchango pekee wa makala haya ambao tuko tayari kuutetea mbele ya watu wazima: makali ya kungoja huongezeka kadiri mngojaji anavyokuwa mbali na fomu. Aliyeijaza anaumwa kidogo. Aliyesimama nyuma ya kiti chake akimwelekeza anaumwa zaidi. Aliyesimuliwa kwa simu halali.

Ushahidi wa kale zaidi tulio nao ni wa jimbo la Ohio, 1839. Jesse Grant, mwenye kiwanda cha ngozi, alitaka mwanawe aende West Point, mahali pa kusoma bila kulipa. Bahati mbaya alikuwa amegombana kisiasa na mbunge wake, Thomas Hamer, rafiki yake wa zamani, na walikuwa hawasemezani. Nafasi ya jimbo ilipobaki wazi kwa sababu mtoto wa jirani alishindwa chuoni, mzee alimeza kiburi akaandika barua. Hamer naye akameza cha kwake, akajaza fomu haraka siku za mwisho za muhula wake. Hakukumbuka jina kamili la kijana, Hiram Ulysses, akaandika Ulysses S. Grant, na jeshi likakataa kabisa kurekebisha. Kijana aliyekuja kuongoza majeshi ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kisha kuwa rais, alitembea na kosa la ofisi ya mbunge hadi kaburini. Kinachotuhusu hapa ni hiki: wakati baba akihangaika, Ulysses mwenyewe hakujua kwamba kuna kitu kinachongojwa. Alipoambiwa, alisema haendi.

Mtafuta-mjomba

Aina ya kwanza hupatikana zaidi katika familia zilizohamia Marekani kutoka Afrika Mashariki, ingawa wenyeji nao wanayo yao. Mtafuta-mjomba haamini kwamba mbunge anaweza kumpendekeza mtoto asiyemjua wala asiyejua kwao. Akisomewa kwenye tovuti ya ofisi kwamba hakuna haja ya kufahamiana, hutabasamu, kwa sababu anajua maandishi ya serikali huandikwa kwa ajili gani. Basi huanza kutafuta. Nani alifanya kampeni? Nani husali kanisa moja na katibu wa seneta? Yule Mkenya anayeendesha teksi uwanja wa ndege, si alimbeba diwani juzi?

Ni rahisi kumcheka, lakini historia inamtetea kwa kiasi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, wakili mmoja wa California, baba wa jenerali wa baadaye George Patton, alimwandikia barua Seneta Thomas Bard na kuwatuma watu wazito wamwandikie pia, huku kijana akiwekwa mwaka mzima katika chuo cha kijeshi cha Virginia ili apate pa kungojea. Bard aliwafanyia waombaji mtihani, Patton akafaulu, akaingia West Point 1904, akachukua miaka mitano kumaliza masomo ya minne. Hakuna anayeweza kusema ni kipi kilichomwingiza, mtihani au barua. Mtafuta-mjomba anaweza kusema, na atakwambia bila kuulizwa.

Siku hizi mjomba huyu hapatikani, kwa sababu msaidizi wa mbunge anayeshughulikia mapendekezo ana faili nyingi, jopo la wastaafu na hofu ya magazeti. Ila aina hii haiishi. Mtoto akipata pendekezo, mjomba hugunduliwa baadaye, na hukubali shukrani.

Kuna kizingiti kingine ambacho familia hizi hukigundua zikiwa zimechelewa. Kadeti wa kawaida lazima awe raia wa Marekani siku ya kuingia. Kadi ya kijani inamtosha kujiandikisha kama askari wa kawaida, lakini haitoshi kumpeleka chuoni. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi hiyo na anayeishi na mzazi wake, hupata uraia moja kwa moja mzazi anapoapishwa, kwa sheria ya mwaka 2000. Hivyo hutokea kwamba nyumba moja ina wangojaji wawili wa serikali moja: mwana anangoja seneta, mama anangoja tarehe ya kiapo, na ya mama isipofika kwa wakati ya mwana haina maana. Elimungojo inaita hali hii mngojo pacha. Tumeiona zaidi ya mara moja, na haichekeshi inapokuwa nyumbani mwako.

Kaimu

Hii ndiyo aina tajiri kuliko zote, na tunaomba msomaji avumilie maelezo.

Mwanasiasa mwenye nafasi moja hapeleki jina moja. Hupeleka orodha, ambayo kwa muda mrefu kisheria haikuzidi majina kumi, na ana njia tatu za kuipeleka. Anaweza kuacha chuo kichague aliye bora. Anaweza kutaja wa kwanza na kuacha waliobaki washindane. Au anaweza kuwapanga kwa namba, wa kwanza hadi wa mwisho, na hapo chuo hakina hiari: wa kwanza akiwa na sifa, anapewa, hata kama wa sita ana alama za kumfunika. Wa pili ataangaliwa iwapo tu wa kwanza ameanguka, wa tatu iwapo wote wawili wameanguka, na kuendelea.

Kaimu wa namba, yaani yeyote asiye wa kwanza katika orodha hiyo, ni kiumbe mwenye maadili yaliyopotoka bila hiari yake. Amelelewa vizuri, hamtakii mtu mabaya. Lakini sheria imempa sababu ya kufuatilia afya ya kijana mwingine kwa karibu kuliko mama wa kijana yule. Kufa kufaana, walisema wahenga, nao hawakuwahi kupewa namba. Akisikia namba moja ameteguka kifundo cha mguu katika mpira wa Ijumaa, husikitika kwa dhati kwa muda usiopungua dakika moja. Akisikia amekubaliwa na chuo kikuu cha fahari chenye ufadhili, humpongeza kwa bidii inayotia shaka, na humtumia picha za mabweni.

Mlezi wa makaimu wote ni Thomas Jackson wa milima ya Virginia, yatima asiye na shule ya maana, ambaye mwaka 1842 alishindania nafasi ya jimbo lake akapitwa na kijana aitwaye Gibson Butcher. Butcher akaenda West Point, akaona maisha ya pale, akarudi nyumbani karibu mara moja, hakutaka hata kubembelezwa. Jackson alipopata habari hakungoja barua. Alikusanya mapendekezo ya majirani, akaenda Washington kwa mbunge Samuel Hays na ile barua ya Butcher ya kujiuzulu mkononi, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa kadeti. Dunia ilimjua baadaye kwa jina la Stonewall, jenerali wa upande ulioshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kila kaimu hujua kisa cha Butcher. Tumekutana na kaimu mmoja aliyekuwa hajui jambo lolote jingine kuhusu vita hivyo.

Waliotimiza sifa zote na bado hawakupata nafasi ya mwanasiasa wao huingia katika orodha ya taifa, inayopangwa kwa alama, na chuo hujaza viti vilivyobaki kutoka humo. Huyu tumemwita kaimu wa taifa. Amepanda cheo: zamani alimwombea mabaya kijana mmoja wa mtaa wa pili, sasa anawaombea mabaya vijana wa majimbo 50.

Mwenye kifua

Mlango wa pili ni wa madaktari, na hapa lugha ya dhihaka huanza kupungua nguvu. Wizara ya Ulinzi ina bodi maalumu ya kuhakiki vipimo vya waombaji wa vyuo, nayo huuliza kila kitu: pumu, mzio wa karanga, macho, rangi anazoziona, mifupa iliyowahi kuvunjika, vyuma vya meno. Pumu baada ya kutimiza miaka 13 ni kikwazo. Basi mama aliyempeleka mwanawe kliniki akiwa na miaka 14 kwa kubanwa kifua, daktari akaandika dawa ya kuvuta ili amalize foleni, sasa anakutana tena na mstari ule mmoja wa mwandiko wa haraka. Je, ilikuwa pumu, au ilikuwa baridi ya Minnesota kwa mtoto aliyetua kutoka Kisumu Januari? Nyanya anajua ilikuwa baridi. Bodi haimhoji nyanya.

Anayekataliwa anaweza kupewa ruhusa maalumu, na hapa mfumo umefikia kilele cha sanaa yake. Kijana haombi ruhusa hiyo. Chuo ndicho humwombea, kikiwa kinamtaka, na hakitamki kwamba kinamtaka mpaka faili lote liwe mezani. Kwa hiyo mwenye kifua hungoja mtu mwingine aamue kuanza kumngojea. Mwandishi huyu amejaribu kueleza utaratibu huo kwa mdomo mara kadhaa, na kila mara msikilizaji ameomba aelezwe upya.

Tiba za kienyeji hustawi katika mazingira kama haya. Jimmy Carter, mtoto wa mkulima wa karanga wa Georgia aliyeota Annapolis tangu utotoni, alisoma katika kijitabu cha chuo kwamba nyayo bapa ni kikwazo, akawa anaviringisha nyayo zake juu ya chupa za Coca-Cola ili zipinde. Alikaa vyuo viwili vingine akingoja pendekezo, akaingia 1943. Zilizosaidia ni chupa, au nyayo hazikuwa bapa tangu mwanzo? Hatujui, na Carter naye, aliyefika Ikulu ya Marekani kwa nyayo hizo hizo, hakuhitaji kujua.

Mpiga-kidole na Msoma-dalili

Zamani habari ilikuja kwa posta, na wangojaji waliitambua bila kuifungua: bahasha nene ni heri, nyembamba nyeupe ni pole. Leo kila mwombaji ana ukurasa wake mtandaoni, na ukurasa huo ndio uliomzaa mpiga-kidole, anayeurifreshi kabla ya kusali, baada ya kusali, na (kwa ungamo la wachache) wakati wa kusali. Hatutamchelewesha msomaji kwake. Ni aina changa na haina tabia nyingine.

Msoma-dalili ni jamaa yake aliyeelimika. Huyu haamini kwamba chuo kinanyamaza. Anaamini kinazungumza kwa ishara. Neno moja kwenye ukurasa limebadilika kutoka "halijakamilika" kuwa "limekamilika": maana yake nini? Afisa wa kujitolea anayekiwakilisha chuo katika eneo lake amemaliza barua pepe kwa "tutaonana" badala ya "kila la heri": je? Wengine hupata barua ya ahadi mapema, majira ya vuli, chuo kikisema kitawachukua iwapo pendekezo na afya vitakuja. Mtu angedhani hawa wamepona. Kinyume chake, ndio wagonjwa zaidi, kwa sababu mlango wa tatu umeshasema ndiyo na ule wa kwanza bado umefungwa, na ofisi ya mbunge ina hadi 31 Januari kufunga orodha yake.

Dalili pekee ya kweli, kwa bahati mbaya, ndiyo wanayoikosa. Kwa desturi ya muda mrefu, chuo huiarifu kwanza ofisi ya mwanasiasa, ili yeye mwenyewe apate fahari ya kumpigia kijana simu. Lakini kijana wa leo hapokei namba asiyoijua. Mbunge wa Marekani, mtu aliyechaguliwa na mamia ya maelfu, huishia kuzungumza na kisanduku cha sauti, na kijana huendelea kungoja kwa siku nzima habari iliyomo mfukoni mwake.

Mzazi

Kwa Kanuni ya Umbali, mzazi ndiye mngojaji kamili, na kijana ni chanzo tu. Mwezi Machi, mwombaji mwenyewe ana mechi, ana mtihani, ana msichana wa darasa la kemia. Akiulizwa, husema "bado" na kufungua jokofu. Mama yake amejifunza istilahi za bodi ya afya, anajua majina ya wasaidizi wa maseneta wote wawili, na hulala na simu chini ya mto ingawa ofisi za Washington hufungwa jioni.

Mfano wa juu kabisa ni Mary Pinkney MacArthur. Mwanawe Douglas, jenerali wa baadaye, aliombewa nafasi ya Rais mara mbili, kwa Cleveland na kwa McKinley, ikashindikana. Mama akahamia naye Milwaukee, kijana akapata ukaazi wa jimbo la mbunge Theobald Otjen, akasomeshwa na mwalimu wa ziada, akaongoza mtihani. Alipoingia West Point 1899, wazazi wengine wangerudi nyumbani kupumzika. Bibi MacArthur alipanga katika hoteli ya Craney, ndani ya eneo la chuo, akaishi hapo. Kuna wanaosema alikuwa akiangalia kama taa ya mwanawe inawaka usiku. Sisi tunasema alikuwa hajapata namna ya kuacha kungoja.

Katika familia za kwetu mzazi si mwisho wa mnyororo. Upo ukoo, na ukoo una kundi la WhatsApp. Habari kwamba kijana "ameomba West Point" huondoka Dallas Jumapili jioni. Ikifika Dar es Salaam asubuhi, ameshaingia. Ikifika Mombasa saa saba mchana, ni Jenerali, na shangazi anauliza rangi ya kitenge cha mahafali. Baba, ambaye ndiye aliyevujisha, hutumia miezi mitano iliyobaki akijibu "tunaendelea kuomba Mungu", jibu lenye sifa ya kuwa la kweli bila kujulisha lolote. Pendekezo likija bila uteuzi, huwa hana ujasiri wa kueleza tofauti. Ukoo nao hauna haja ya kuelezwa. Ulishapika.

Wasioingia katika jedwali

Wapo waliongoja namna ambayo uainishaji wetu haukutengenezewa. Wasichana wa Marekani hawakuwa na fomu ya kujaza katika vyuo vitatu vikubwa mpaka Rais Ford alipotia saini sheria ya Oktoba 1975. Wa kwanza waliingia 1976 na kuhitimu 1980. Vijana Weusi walikuwa na fomu kwa miongo mingi kabla ya hapo, ila wengi wao hawakuwa na mbunge wa kuisoma. Henry Flipper, aliyezaliwa utumwani Georgia, alihitimu West Point 1877 akiwa Mweusi wa kwanza. Baada yake wakafuata wawili tu kabla ya karne ile kwisha, kisha kimya cha zaidi ya miaka 40.

Kimya hicho kilivunjwa na Benjamin Davis mdogo, mwana wa afisa wa jeshi. Katika Bunge lote alikuwepo mbunge mmoja tu Mweusi, Oscar De Priest wa Chicago, kwa hiyo nafasi za mtu mmoja zilibeba matumaini ya watu wa nchi nzima. Davis alianguka mtihani wa kwanza wa kuingia, akarudia, akaingia 1932. Hapo ndipo alipoanza kungoja. Kwa miaka minne makadeti wenzake hawakumsemesha ila kwa shughuli ya kikazi. Alikula kimya na kulala chumba cha peke yake, nia yao ikiwa aondoke mwenyewe. Alihitimu 1936, akaongoza marubani Weusi wa Tuskegee vitani, akawa jenerali wa jeshi la anga. Kanuni ya Umbali haimgusi. Yeye alikuwa karibu kabisa na kitu alichokingoja, kwenye meza ileile, na makali hayakupungua.

Mageuzi ya mwisho

Ifikapo Mei aliyekataliwa hugawanyika. Wapo wanaokwenda vyuo vikuu vya kawaida na kusahau kabla ya Krismasi, jambo linalowaumiza wazazi kuliko kukataliwa kwenyewe. Wapo wanaopelekwa mwaka mmoja katika shule za maandalizi za majeshi, kungoja wakiwa wamevaa sare. Na yupo mrudiaji, anayejaza fomu zote upya, kwa kuwa sheria inamruhusu ili mradi hajapita kikomo cha umri. Mrudiaji ni mtulivu. Anajua majina ya walinzi wa jengo la seneta.

Aliyekubaliwa hufika chuoni mwishoni mwa Juni au mapema Julai, na West Point huwapa wazazi muda mfupi sana wa kuagana, dakika moja hivi, kabla ya kijana kupitishwa mlango na kwenda kujitambulisha kwa kadeti aliyevaa mshipi mwekundu. Simu hukusanywa, nywele hunyolewa. Hapo mzazi, aliyedhani amehitimu, huanza mwaka wa kwanza wa kungoja upya: barua ya kwanza, simu ya kwanza, na zaidi ya yote picha, kwa kuwa kila siku ya mafunzo yale ya kiangazi hupigwa picha nyingi za makundi na kuwekwa hadharani bila majina. Wazazi huzikuza mpaka zivunjike vidotodoto. Katika safu za vichwa vilivyonyolewa, vyenye miwani ya aina moja na midomo iliyofungwa, ubishi mwingi huhusu masikio. Baba husema ni yule wa tatu kutoka kushoto. Mama husema huyo si wetu, wetu hasimami hivyo. Hoja ya mama ina kasoro ya kimbinu: picha ilipigwa Jumatano, na wetu alianza kusimama hivyo Jumatatu.